Mtoto kaleta chatu: banda gani litamtosha?

Mtoto wa Manyamanyama akirudi kuchunga na chatu mchanga ndani ya ndoo, haulizi habari za sheria. Anauliza, "Baba, tumjengee nyumba gani?" Haishangazi. Mkoa jirani wa Mwanza, huko Bujora, Wasukuma hucheza ngoma na chatu mabegani, na mtoto akishaona hilo, hata kwenye simu, hofu humtoka.

Mzazi, anza na kipimo. Chatu akianguliwa ana kama nusu mita, mwembamba. Akikomaa hufika mita 3 hadi 5. Hana sumu, yeye hukaba. Banda lake linataka mbao imara au kioo kinene, mfuniko wenye kufuli, sehemu ya joto na ya baridi, mahali pa kujificha, na beseni la maji la kutosha kujikunja ndani. Waya wa kuku haufai. Mdogo hupenya, mkubwa husukuma hadi palipolegea pakaachia.

Jambo kubwa ni matundu ya hewa. Tarehe 5 Agosti 2013, mjini Campbellton, Kanada, chatu wa Afrika, huyu huyu wa kwetu, alitoka kwenye banda lake ndani ya nyumba iliyo juu ya duka la wanyama. Alipita tundu la hewa, akapenya hadi darini, akaangukia sebuleni walikolala ndugu wawili wa miaka 4 na 6. Wote walikufa. Mwenye chatu alikuwa mzoefu wa nyoka. Sasa fikiria nyumba yenye uwazi kati ya ukuta na bati, na watoto wamelala mkekani.

Hata banda likikamilika, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekaa na mnyamapori. Kumwokota malishoni si kibali.

Basi usimpige mtoto, wala usimuue nyoka. Funika ndoo kwa kitu kizito chenye vitundu vidogo, iweke kivulini mbali na wadogo, kisha mpigie afisa wanyamapori wa halmashauri. Mtoto anawe mikono kwa sabuni, maana nyoka hubeba vijidudu vya kuharisha. Afisa akifika, mwache mtoto awepo amuulize maswali yake yote, hata lile la chatu hula nini.