Kiluwiluwi wa daftarini na kiluwiluwi wa dimbwini

Waulize wanafunzi wa darasa la nne hatua za ukuaji wa chura, watakujibu kwa sauti moja: yai, kiluwiluwi, chura mdogo, chura kamili. Watakuchorea na duara lenye mishale. Sisi wafrateri tunaokwenda kusaidia kufundisha Sayansi katika shule moja ya msingi ya jirani tuliridhika na majibu hayo kwa muda mrefu, mpaka masika ya mwaka jana.

Nyuma ya madarasa maji ya mvua yalikuwa yametuama. Tuliwaonyesha watoto viumbe vidogo vyeusi vyenye vichwa vya duara na mikia, tukauliza hao ni nani. "Viluwiluwi!" Tukauliza tena, watakuja kuwa nini? "Mbu, Frateri!" Karibu darasa zima. Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kuwafukia kwa mchanga, maana nyumbani kwao ndivyo wanavyofanya.

Tusiwacheke. Kiswahili chetu humwita kiluwiluwi mtoto wa chura na mtoto wa mbu pia, na bwana afya akipita kijijini hutangaza vita dhidi ya viluwiluwi bila kumtaja chura. Basi mtoto anabaki na viluwiluwi wawili kichwani: wa daftarini, ambaye huwa chura, na wa dimbwini, ambaye huwa mbu na lazima auawe. Hakuna aliyewahi kuwaweka mbele yake pamoja ili aone tofauti, ingawa yaonekana kwa macho. Wa mbu ni mwembamba, hukaa karibu na uso wa maji apate hewa, na akishtushwa huzama kwa kujipindapinda. Wa chura huogelea kwa mkia, na siku zake nyingi hukwangua ukungu wa kijani kwenye mawe na majani.

Maoni yetu ni kwamba somo la chura lifundishwe masika, kwa chura mwenyewe, na mchoro uje mwisho. Duara la ubaoni linaficha yale yanayostahili kushangaza. Wanafunzi wetu wengi waliamini mkia wa kiluwiluwi hukatika na kuanguka. Sivyo, mwili huufyonza kidogo kidogo, na katika siku hizo za mwisho, mdomo unapobadilika, mnyama hali kitu bali hujilisha kwa mkia wake. Miguu ya nyuma huonekana kwanza, ya mbele baadaye. Utumbo mrefu wa mla majani hufupika, kwa kuwa chura atakula wadudu, na mbu wakiwamo. Mtoto aliyeyaona haya hahitaji kuyakariri.

Tena duara hilo haliwafai vyura wote, hata wa hapa nchini. Chura wa Kihansi, mdogo wa rangi ya manjano, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, hatagi mayai majini. Huzaa vichura vilivyokwisha kukamilika. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu ya maporomoko aliyoyategemea yalipungua. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa kutunzwa Marekani. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walipungua ghafla, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Vizazi vya wale waliopelekwa vilianza kurudishwa Tanzania mwaka 2010, na korongoni mwaka 2012. Mwanafunzi akiandika kwenye mtihani kwamba kuna chura anayezaa, tunaogopa atawekewa mkasi.

Walimu watatuambia: madarasa yamejaa, muhtasari haujaisha, na madimbwi yana kichocho. La kichocho ni kweli. Mtoto asiingie majini. Mwalimu achote kwa kopo na anawe kwa sabuni, na watoto vivyo hivyo wakigusa. Kwa mengine, gharama ni beseni moja. Litiwe maji ya mvua au ya dimbwi lenyewe, si ya bomba yenye dawa, viluwiluwi kumi hivi, majani ya mchicha yaliyochemshwa kidogo, na jiwe linalotokeza juu, maana chura mwenye mapafu akikosa pa kupandia atazama. Likae kivulini. Kila siku kikundi kimoja kichore kinachoonekana na kuandika tarehe. Mwisho warudishwe dimbwi lilelile walikotoka, tusihamishe magonjwa ya vyura kutoka bwawa hadi bwawa.

Na sisi tusijifanye wajuzi. Tumesoma Laudato Si', tumeandika insha ndefu juu ya nyumba yetu ya pamoja, lakini siku ile nyuma ya madarasa wawili kati yetu nao walisita kabla ya kusema kama ni mbu au chura. Bwana afya tumeshamwomba aje shuleni na viluwiluwi wake kwenye chupa, tuwaweke kando ya wetu. Amekubali kuja Jumatano. Katika beseni letu la mwaka huu, watatu wameshatoa miguu ya nyuma, na yule kijana wa mchanga ndiye anayeleta mchicha.