Goma–Lubumbashi: kilomita 1,100 zimekuwa safari ya nchi tatu

Kwa ramani, Goma na Lubumbashi zimeachana kilomita zipatazo 1,100. Ndege ya jeti ingemaliza mwendo huo kwa saa mbili hivi. Lakini tangu M23 iingie Goma mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, hesabu hiyo haimsaidii msafiri. Katikati ya Februari, Kavumu, uwanja wa Bukavu, nao ulichukuliwa.

Leo Mkongomani anayetoka Goma kwenda Lubumbashi inambidi kwanza atoke nchini mwake. Anavuka mpaka kuingia Gisenyi, anapanda gari hadi Kigali, kilomita kama 160 za milima, ndipo atafute ndege. Na pale Kigali hapati ndege ya moja kwa moja: Kinshasa ilisimamisha safari za RwandAir mwaka 2022, kisha Februari 2025 ikafunga anga lake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda.

Inabaki kuzunguka. Kigali hadi Nairobi ni kilomita kama 750, na Nairobi hadi Lubumbashi kama 1,550. Ukijumlisha na barabara, zile 1,100 zimepita 2,400. Anayepitia Addis Ababa anakwenda mbali zaidi: anapanda kaskazini kabisa ili ateremke tena kusini. Saa mbili zinageuka siku nzima, pengine na usiku wa kungojea ndege ya pili.

Njia za nchi kavu haziokoi. Reli ya SNCC inaishia Kalemie, haifiki Kivu. Barabara ya taifa namba 5, inayopita Kalemie na Uvira hadi Bukavu, ni mbovu sehemu nyingi na inagusa maeneo ya vita. Mwenye pesa anazunguka kwa ndege. Asiye nazo anakosa matanga ya mzazi wake, au mwanafunzi anabaki Lubumbashi likizo nzima.

Tarehe 30 Oktoba 2025, huko Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. M23 ilipinga. Hata kama tangazo hilo lingetekelezwa, lilihusu dawa na chakula, si abiria.

Ili ndege ya abiria iruke tena, mambo matatu lazima yakutane: anayeshika uwanja akubali, Kinshasa inayotoa ruhusa ya anga ikubali, na kampuni ipate bima ya kutua mahali pa vita. Likikosekana moja, ndege hairuki. Kwa hiyo, mazungumzo yanapotaja kufunguliwa kwa uwanja wa Goma, wakaaji wa miji hii miwili wana haki ya kuuliza: utafunguliwa kwa nani?