Programu za Umma Zisisubiri Siku ya Uzinduzi Kupimwa

Malori yanapopanga foleni Tunduma, lawama huelekezwa upesi kwa dereva, kwa barabara au kwa wakala wa forodha. Ni wachache wanaouliza habari za programu ya kompyuta iliyomo ofisini.

Mwaka 2014 forodha yetu ilianza kutumia mfumo wa TANCIS. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wenzetu wa Zambia hutumia ASYCUDA. Kituo cha pamoja, kilichofunguliwa rasmi Oktoba 2019 na hayati Marais John Magufuli na Edgar Lungu, kiliwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Lakini paa haliunganishi programu.

Hatunyoshei kidole mfumo wowote kati ya hiyo. Tunachokishutumu ni tabia: mafundi hujifungia miezi mingi, kila kundi na kipande chake, kisha vipande huunganishwa siku chache kabla mgeni rasmi hajakata utepe. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo kilichotumwa kwenye sayari ya Mars kwa sababu programu ya kundi moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na wengine wakazipokea kana kwamba ni za metriki. Kosa lilijificha palipounganishwa kazi mbili.

Dawa yake imejulikana tangu miaka ya 1990. Fundi huunganisha kazi yake na ya wenzake kila siku, na kila mara kompyuta huipima programu nzima. Kosa hubainika mwenyewe angali akikumbuka alichoandika. Mwalimu anayesahihisha madaftari kila jioni atalielewa jambo hili kuliko wakuu wengi wa idara.

Hata hivyo tusidanganyane. Kompyuta hupima kile tu ilichoagizwa kupima. Mtu aliyeandaa majaribio yake Dodoma, bila kuwaza lori moja lenye mizigo ya wafanyabiashara kumi, wala mtandao unaokatika hati ikiwa njiani, atapata alama ya kijani kila siku na programu itabaki mbovu. Karani wa mpakani ndiye ayajuaye hayo, naye haulizwi!

Mikataba ya serikali haina budi kubadilishwa. Mkandarasi aonyeshe matokeo ya vipimo vya kila siku kabla ya kulipwa, na kila kosa lililoripotiwa na karani wa Tunduma ligeuzwe kuwa jaribio la kudumu.