UCHAMBUZI: Bodi za MDF na unyevu wa Rungwe, mnunuzi azingatie nini

Bodi za nyuzi za mbao, zinazojulikana kwa mafundi kwa jina la MDF, zimeenea katika ujenzi na utengenezaji wa samani nchini. Makabati ya jikoni, milango ya ndani, rafu na meza za ofisi hutengenezwa kwa bidhaa hiyo kwa kuwa uso wake ni laini, hauna mafundo na hupokea rangi vizuri. Kwa wakazi wa Tukuyu na Wilaya ya Rungwe kwa jumla, hata hivyo, uamuzi wa kuzitumia unahitaji tafakuri ya ziada.

Sababu ni hali ya hewa. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ambayo sehemu kubwa hunyesha kati ya Novemba na Mei, wakati Dodoma hupata wastani usiofikia milimita 600. Kabati linalodumu miaka mingi Dodoma linaweza kuvimba Tukuyu baada ya misimu michache ya mvua, ingawa fundi ni yuleyule na bodi ni ileile.

Chanzo cha tofauti hiyo ni namna bodi inavyotengenezwa. Mbao husagwa hadi kuwa nyuzi, zikachanganywa na gundi, kisha zikashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Maji yanapopenya, hasa kwenye kingo zilizokatwa, nyuzi hizo hutanuka na gundi hulegea. Bodi iliyovimba hairejei katika unene wake wa awali hata ikikaushwa. Zipo bodi zinazostahimili unyevu, ambazo aghalabu hutiwa rangi ya kijani ndani, lakini nazo hazikutengenezwa kwa ajili ya kuloweshwa.

Kwa hiyo, MDF inafaa vyumba vikavu vyenye hewa ya kutosha. Bafuni, chini ya sinki, kwenye fremu za madirisha na mahali popote panaponyeshewa, mbao iliyokaushwa vizuri ina nafasi kubwa zaidi ya kudumu. Rungwe ina fursa katika hilo: Shamba la Miti Kiwira, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), lipo wilayani humo, na wananchi wengi wamepanda miti yao wenyewe.

Anayechagua MDF anashauriwa kupaka rangi pande zote, ikiwemo ya nyuma na kingo, kuinua kabati kwa miguu ili lisiguse sakafu, na kuacha nafasi kati yake na ukuta. Skrubu zitanguliwe na tundu la keekee, la sivyo kingo hupasuka. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 ina uzito wa takriban kilo 40. Ilazwe juu ya vipande vya mbao vilivyonyooka, isiegemezwe ukutani, kwani hupinda.

Suala la afya nalo ni la msingi. Gundi inayotumika sana katika bodi hizi hutoa formaldehaidi, kemikali ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani imeiweka katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi lake ni jembamba na huingia mapafuni kwa urahisi. Ukataji ufanyike nje au penye hewa ya kutosha, na fundi na vijana wanaomsaidia wavae barakoa inayozuia vumbi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize aina ya bodi, akague kingo kama zimevimba, na adai risiti, ambayo ndiyo ushahidi wake endapo ataleta malalamiko. Mwenye shaka kuhusu ubora anaweza kuwasilisha taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bei ndogo dukani si nafuu iwapo kabati litalazimika kutengenezwa upya baada ya masika mawili.