Mahakama iko Arusha, Mtanzania yuko nje ya geti



Mimi ni nesi, si mwanasheria, kwa hiyo wenye fani yao watanisahihisha. Nimetoka zamu ya usiku hapa Uingereza, usingizi umegoma, na kuna hukumu moja ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyopo pale Arusha, ambayo hainitoki kichwani.

Ni kesi ya Sébastien Ajavon dhidi ya Benin. Huyu bwana ni tajiri wa kuku wa kugandishwa, na mwaka 2016 aligombea urais akashika nafasi ya tatu. Oktoba mwaka huohuo, kwenye bandari ya Cotonou, yakakutwa madawa ya kulevya aina ya kokeini, kama kilo 18, ndani ya kontena la kampuni yake. Akakamatwa, akapelekwa mahakamani, na tarehe 4 Novemba akaachiwa kwa sababu ya shaka katika ushahidi. Kesi imekwisha, sivyo? Wapi! Kampuni yake ya makontena ikasimamishwa, redio na televisheni yake zikakatwa mawimbi. Mwaka 2018 serikali ikaunda mahakama mpya ya makosa ya uchumi na ugaidi, na mahakama hiyo ikamfungulia jalada la kokeini ileile. Ikamhukumu miaka 20 mwenyewe akiwa Ufaransa.

Machi 2019 majaji wa Arusha walisema mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja, na kwamba haki yake ya kumiliki mali imevunjwa. Wakaiamuru Benin ifute ile hukumu ya miaka 20. Tarehe 28 Novemba 2019 wakaamua alipwe fidia ya zaidi ya faranga za CFA bilioni 36, yaani zaidi ya dola milioni 60. Yeye alikuwa ameomba bilioni 550, kwa hiyo wanaosema majaji wale wanagawa pesa kama njugu wafanye hesabu upya.

Kwa nini mambo ya Benin yaninyime usingizi? Kwa sababu ya baba yangu mdogo. Alikuwa na pikapu, mkopo wake tuliulipa pamoja, mimi kwa zamu za ziada. Akatuhumiwa kubeba mali ya wizi, gari likashikiliwa kama kidhibiti. Kila tarehe ya kesi wimbo ni uleule, upelelezi haujakamilika. Mwaka wa tatu kesi ikafutwa. Alipokwenda kulichukua gari, matairi hayapo, betri haipo, injini imeota kutu. Alipouliza nani atamlipa, aliambiwa ashukuru Mungu kwamba yuko huru. Kesi za kubambikiwa tunazijua sote. Tusichokizungumza sana ni kwamba hata ukishinda, umeshafilisika.

Sasa tazameni kalenda. Fidia ya Ajavon ilitangazwa tarehe 28 Novemba 2019. Wiki moja kabla, tarehe 21, Umoja wa Afrika ulipokea barua ya Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, kwamba inaliondoa tamko lake la mwaka 2010 lililomruhusu mwananchi kwenda pale mwenyewe bila kuombewa na mtu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Novemba 2020, likakoma. Rwanda ilishatangulia mwaka 2016. Benin nayo ikajitoa Machi 2020, na ile amri ya kufuta hukumu haikuitekeleza ndani ya miezi sita iliyopewa.

Nimesikia hoja kwamba mahakama ile ni ya wakubwa wenye mawakili wa Ulaya. Si kweli. Majalada mengi kuliko ya nchi nyingine yoyote yalitoka Tanzania, na mengi yalikuwa ya wafungwa wetu wa kawaida, baadhi bila hata wakili. Si wote walioshinda, na majaji wale wamesema mara nyingi kwamba wao si mahakama ya rufaa ya nchi yoyote. Lakini walisikilizwa. Na hiyo hoja ya uhuru wa nchi mimi hainiingii, kwa sababu hakuna aliyetulazimisha mwaka 2010. Tulisaini wenyewe, kwa kalamu yetu.

Ajavon, kwa utajiri wake wote, alipata pa kukimbilia na pa kushtakia. Baba mdogo hana Ufaransa. Hata akimaliza ngazi zote za nyumbani, basi la kwenda Arusha atalipanda, ila jalada lake halitapokelewa.

Wabunge mnaosoma haya, nawaomba mlisimamishe swali hili bungeni: lile tamko la 2010 linarudishwa lini? Na vidhibiti vinavyoozea vituoni baada ya kesi kufutwa, nani anavilipia?

Naomba kuwasilisha.