Mnada wa Chakavu kwa Kompyuta: Mizani Kwanza, Bei Baadaye

Biashara ya vyuma chakavu inahamia kwenye kompyuta na simu. Mwenye kiwanda anayetaka kuondoa mitambo mikuukuu, mabaki ya mabati au nyaya za shaba hutangaza mzigo wake, na wanunuzi hupandishiana bei bila kukutana. Wawekezaji wadogo wanashawishika kutia fedha katika masoko ya aina hii wakiamini kuwa yatapunguza madalali na kumwachia muuzaji faida kubwa zaidi. Matumaini hayo yana msingi, ila yanasahau kwamba kompyuta huonyesha bei, haipimi uzito.

Yaliyotokea kwingine yanatosha kuwa funzo. Nchini Marekani, soko la MetalSite lilianzishwa mwaka 1998 na makampuni ya chuma, likauza kwa mnada chuma cha ziada na cha daraja la pili. Lilifungwa mwaka 2001. Mwaka huo huo, nchini India, SAIL ambayo ni ya serikali na Tata Steel ziliungana kwa hisa nusu kwa nusu kuunda kampuni ambayo leo inaitwa mjunction. Minada yake inaendelea. Ni dhahiri kwamba kuwa na kompyuta na wadhamini wakubwa peke yake hakutoshi.

India ilikuwa na desturi ya kuuza chakavu kwa utaratibu. Shirika la serikali la MSTC, lililoanzishwa mwaka 1964, lilikuwa katika biashara hiyo miaka mingi kabla ya intaneti. Katika minada ya huko mnunuzi hukagua mzigo uwanjani kabla ya siku ya mnada, huweka amana, kisha hununua mali jinsi ilivyo na mahali ilipo. Anayeshinda halafu akashindwa kulipa huweza kupoteza amana yake. Lori hupimwa likiwa tupu, na hupimwa tena likiwa limejaa.

Hapana budi pia kuwe na madaraja. Katika biashara ya kimataifa, chakavu kizito cha daraja la kwanza ni kile chenye unene wa kuanzia milimita 6 hivi. Cha daraja la pili huanzia milimita 3. Mnunuzi wa Uturuki akiagiza mchanganyiko wa 80 kwa 20, muuzaji wa Ulaya anajua anachotakiwa kupakia. Penye tangazo linalosema "vyuma mchanganyiko" tu, bei inayotajwa ni ya kubahatisha.

Kwa Kenya suala la asili ya mali ni zito zaidi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na kumbukumbu za manunuzi. Hata hivyo, Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara hiyo kutokana na hujuma dhidi ya miundombinu ya umeme, na marufuku hayo yaliondolewa mwezi Mei. Waaminifu walikaa na mizigo yao pamoja na wezi. Ndiyo kusema waya mmoja wa wizi unaweza kufunga soko zima.

Hapo ndipo penye faida halisi ya soko la kompyuta. Linaweza kuandika kila mzigo umetoka kwa nani, umepimwa wapi na umekwenda kwa nani, kazi ambayo dalali wa kando ya barabara haifanyi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo asianze kwa kuuliza soko lina wateja wangapi. Aulize mizani ni ya nani na inakaguliwa na nani. Aulize amana inashikwa na nani hadi mzigo utoke. Aulize kama mzigo usio na hati ya asili hukataliwa. Soko lisilo na majibu hayo ni ubao wa matangazo tu, na ubao wa matangazo haustahili bei ya hisa.