Tumwachie Kifungo cha Mwisho



Chekecheani mtoto mwenye mtindio wa ubongo huvalishwa shati, ilhali wenzake hujivalisha. Twaiita huruma, mimi naona twamnyima haki yake.

Maria Montessori, aliyewafundisha kwanza watoto wenye ulemavu wa akili, alifungua Nyumba ya Watoto mjini Roma mwaka 1907. Humo watoto walijizoeza kufunga vifungo kwenye fremu za kitambaa.

Nasi tuanze hivi: mkono dhaifu uingie kwanza, mlezi afunge vifungo, cha mwisho amwachie mtoto. Akikiweza, aachiwe viwili. Atachelewa, tumsubiri. Wazazi, hatutakuwapo siku zote kumvalisha.